Sisi Tupite Wapi?

Ndugu msomaji, nina ugomvi na mwenye gari, na ugomvi mkubwa zaidi ninao na mwenye sare nyeupe. Wawili hawa wamemnyang'anya mtembea kwa miguu kitu pekee alichokuwa nacho katika jiji hili la Dar es Salaam: ule ukanda mwembamba wa pembeni ya barabara.

Nenda Kariakoo saa tano asubuhi. Shika Msimbazi, kata Mkunguni, tokea Kongo. Kirikuu kimepanda ukingo kinashusha majora ya vitenge, Fuso limeziba kona, na gari la bwana mkubwa limelala juu ya njia ya miguu, vioo vyeusi, dereva kaenda zake. Mama mwenye mtoto mgongoni anashuka barabarani, bodaboda inampigia honi, na tusi juu. Mlemavu mwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu ndiyo basi tena, hana pa kushukia. Trafiki yupo, kona ileile. Anafanya nini? Kasimamisha daladala!

Simtetei dereva wa daladala. Akipakia katikati ya barabara, aandikiwe. Lakini faini anayotozwa yeye ni hiyohiyo kwa bwana mkubwa. Kwa yule wa daladala, hesabu ya tajiri imeyumba na watoto watalala na uji. Kwa bwana mkubwa ni bei ya kupaki tu, tena bei poa, na mara nyingi hata hiyo haandikiwi. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, imewazidi umri wengi wetu tunaoandika humu, na inakataza kuacha gari mahali linapowazibia wengine njia. Haikusema isipokuwa V8. Haikusema isipokuwa namba za STK.

Tukumbushane. Oktoba 2021 wamachinga waliondolewa kwenye njia za miguu na hifadhi za barabara. Tuliambiwa wanazuia watu kupita. Haya, vibanda vikavunjwa, vijana wenzetu wakabeba viatu vyao mabegani wakaondoka. Leo pale palipokuwa na meza ya futi nne pamelala gari la futi kumi na tano. Mbona hilo halizuii watu? Au kinachozuia njia ni umaskini?

Wenye magari watanijibu: tupaki wapi, maegesho yenyewe yako wapi? Swali ni la haki. Nyumba za zamani za Kariakoo zimebomolewa, maghorofa yameota kama uyoga, na chini ambako magari yangelala pamejaa fremu na stoo. Basi mwenye ghorofa aulizwe, na aliyempa kibali aulizwe. Lakini shida ya mwenye gari isihamishiwe kwenye miguu yangu. Kwenye ushuru wa maegesho wakusanyaji hawachelewi, namba ya gari inachukuliwa dereva hata hajafika mbali. Jicho linaloliona gari linalodaiwa linashindwaje kuliona gari lililopanda njia ya miguu?

Na hili si suala la usumbufu tu. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Moto ukizuka tena, mchana, kwenye mtaa uliozibwa pande zote mbili, gari la zimamoto litapita juu ya mapaa ya magari?

Ninachodai ni kidogo. Minyororo na magari ya kuvuta yaanze na waliopanda njia za miguu, bila kutazama namba wala kusikiliza simu ya mkubwa. Mizigo ishushwe usiku na alfajiri. Basi.

Nanyi waandishi wenzangu, neno moja. Mimi nimeishia kidato cha nne na ninahangaika na muswada wangu wa kwanza, kwa hiyo siwafundishi kazi. Ila kila hadithi ninayosoma ina wapenzi wawili wanaotembea wameshikana mikono kando ya barabara. Kando ipi hiyo? Tuandike mji tunaoukanyaga. Atakayeandika ukweli wa Kariakoo, wapenzi wake watatembea mmoja nyuma ya mwingine, tena upandeupande, huku wakigeuka nyuma kutazama bodaboda.