Usalama Huanzia Kwenye Ramani

Wako wadhanio kwamba usalama wa mfanyakazi ni kofia ngumu, viatu vya ngozi na bango la onyo ukutani. Vitu hivyo ni vyema, wala hatuvidharau. Lakini katika kazi ya kutoa mafuta chini ya bahari ya kina kirefu, uhai wa mfanyakazi huamuliwa kabla hajakanyaga kazini: siku mhandisi achorapo ramani ya mtambo, na siku mtambo huo uwashwapo mara ya kwanza.

Penye maji ya kina cha mita 1,000 na zaidi, mtambo hausimamishwi juu ya sakafu ya bahari kama gati. Huelea, ukishikwa kwa nanga, na nguzo zake zina matangi ya maji ya kuusawazisha. Mafuta hutoka ardhini yakiwa ya moto, hali maji ya chini kabisa ni baridi ya nyuzi 4 hivi. Bomba lisipokingwa vema, gesi na maji huganda kama barafu na kuliziba. Mzamiaji hafiki huko. Hutumwa mashine iongozwayo kutoka juu. Kosa ambalo nchi kavu fundi angelisahihisha kwa spana, huko hugharimu mamilioni, na pengine roho za watu.

Tutazame yaliyotokea Brazil. Mwezi wa Mei 2000 shirika la mafuta la nchi hiyo, Petrobras, lilianza kutoa mafuta ya Roncador kwa jukwaa lililoitwa P-36. Lilikuwa miongoni mwa majukwaa makubwa kabisa ya aina yake duniani, likielea penye kina cha mita 1,360 hivi na kutoa zaidi ya mapipa 80,000 kwa siku. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2001, tangi la kupokea maji na mafuta wakati wa dharura, lililowekwa ndani ya nguzo mojawapo, lilipasuka kwa shinikizo. Wafanyakazi wa kikosi cha kuzima moto wakakimbilia mahali pale kuikabili hatari. Dakika 17 baadaye gesi iliyovuja ikalipuka. Watu 11 wakafa. Tarehe 20 Machi jukwaa lote likazama.

Uchunguzi wa mamlaka ya mafuta na jeshi la majini la Brazil ulifichua mambo mengi. Tangi lile liliunganishwa na mabomba ya uzalishaji, nalo likakaa ndani ya nguzo ileile iliyolishikilia jukwaa juu ya maji. Pampu yake ilikuwa imeondolewa kwa matengenezo. Vali haikuzuia mafuta na gesi kuingia. Milango ya vyumba vya chini iliachwa wazi, na bahari ikaingia. Kila kosa peke yake lilionekana dogo, yalipokutana, yaliua. Mdharau mwiba, guu huota tende.

Watakuwapo watakaosema, "Huo ni uzembe wa wafanyakazi." Nasi twauliza: ni nani aliyeliweka tangi la mafuta ndani ya nguzo ya kuelea? Mtambo unaohitaji binadamu asisahau hata siku moja ni mtambo mbaya, kwa maana hakuna binadamu wa namna hiyo.

Mfano wa pili ni wa Ghuba ya Meksiko. Julai 2005 jukwaa jipya la kampuni ya BP, Thunder Horse, lilikutwa limelala upande baada ya kimbunga. Mabomba yake ya maji yalikuwa na kasoro, maji yakahama kutoka chumba hata chumba. Hakufa mtu, kwani wafanyakazi walikuwa wamekwisha kuondolewa. Kisha mwaka 2006 zikaonekana nyufa kwenye viungo vya vyombo vilivyokuwa chini ya bahari. Vikatolewa na kutengenezwa upya. Mafuta yakaanza kutoka Juni 2008. Kampuni ilipata hasara, hapana shaka. Lakini faida iliyochelewa hurudi, roho hairudi.

Jambo hili lipo mlangoni petu. Tangu mwaka 2010 gesi nyingi imegunduliwa chini ya maji marefu mbele ya Lindi na Mtwara. Na jirani zetu wa Msumbiji, kwa mtambo wa Coral Sul uelao penye kina cha mita 2,000 hivi, walisafirisha shehena yao ya kwanza ya gesi Novemba 2022.

Kwa hiyo twasema wazi. Wafanyakazi watakaouendesha mtambo waketi na wahandisi wakati ramani ingali karatasi. Maagizo ya kazi yaandikwe kwa lugha waifahamuo. Siku ya kuuwasha mtambo, kila mfanyakazi awe na haki ya kusema "simama" pasipo kupoteza ajira yake. Na siku hiyo isipangwe na wanunuzi wala na wenye kutaka sherehe, bali na majaribio ya kila vali na kila mlango.

Mali iliyo chini ya bahari imekaa huko mamilioni ya miaka. Yaweza kutungoja miezi michache zaidi.