Ndege ya Kivita Sebuleni: Tuiuze au Tuisimamie?



Juma hili tumeletewa suala na mama mmoja mzawa wa Lamu, ambaye sasa ni mkaazi wa Kware, Embakasi. Anaeleza kuwa mwanawe wa miaka 16 alipewa na mjomba wake aliyeko Ughaibuni kompyuta iliyokwisha kutumika, pamoja na usukani mdogo wa kushika kwa mkono. Tangu hapo kijana hurusha ndege ya kivita usiku kucha. Na kinachomshangaza mama ni kwamba mara nyingi harushi kitu. Hukaa saa tatu akitafuta kwa nini injini haiwaki, akigusa swichi moja baada ya nyingine na kujisemea kwa kunong'ona. Karo ya muhula imechelewa, na jirani yuko tayari kuinunua mashine hiyo. Anauliza: je, mwanangu anafundishwa kuua, au anafundishwa kazi? Niiuze au niiache?

Suala hili si dogo. Ndani yake mna karo, mna adabu ya mtoto, na mna mapenzi ya mama na mwana yanayoweza kuharibika kwa neno moja la haraka. Basi yafaa tukijue kwanza kitu chenyewe kabla ya kukihukumu.

Michezo ya ndege ni ya namna mbili. Iko ile ya kubonyeza tu na kufyatua, ambayo humaliza muda wala haiachi kitu kichwani. Na iko ile inayoitwa simuleta, ambayo huiga ndege ya kweli kwa ukamilifu: kila saa, kila swichi na kila taa iliyomo katika chumba cha rubani. Programu ya DCS World ni ya namna hii ya pili, na miongoni mwa ndege zake imo F-5E, ndege ya Marekani ambayo Jeshi la Anga la Kenya limeitumia tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na makao yake ni Nanyuki, katika kambi ya Laikipia.

Ndege hii haiwashwi kwa ufunguo kama gari. Ina injini mbili, na haina pumzi yake yenyewe ya kuziamsha. Ni lazima betri iwashwe, kisha mafundi walio chini waombwe kuleta mashine ya kupuliza hewa. Hewa hiyo huizungusha injini ya kwanza, na rubani hutazama saa ya mzunguko. Ikifika asilimia 10 ndipo huusogeza mkono wa nguvu ili mafuta yaingie, huku jicho likiwa kwenye saa ya joto. Akiwahi, huharibu, akisahau hewa, hapati kitu. Basi yule kijana anayenong'ona usiku hatamki maneno ya ajabu. Anasoma orodha ya ukaguzi, kama wanavyoisoma marubani wote duniani.

Wala kujifunza kuruka ukiwa umekaa chini si jambo jipya. Edwin Link, kijana wa Binghamton katika jimbo la New York, alikulia katika karakana ya baba yake iliyotengeneza vinanda. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alichukua mivuo ya vinanda akaunda kisanduku chenye mabawa mafupi, kinachoinama na kugeuka kama ndege ilhali hakiondoki sakafuni. Watu walikiona kama pembea ya watoto. Mwaka 1934, baada ya marubani wa jeshi la Marekani kuanguka mmoja baada ya mwingine wakibeba barua katika hali mbaya ya hewa, jeshi lilivinunua visanduku hivyo. Katika Vita Vikuu vya Pili maelfu kwa maelfu ya marubani walifundishwa humo.

Na sisi Waislamu tunayo kumbukumbu yetu iliyo kongwe zaidi. Mwanahistoria al-Maqqari ameeleza kuwa Abbas ibn Firnas wa Andalusia, katika karne ya 9, alijivika manyoya na mabawa akaruka masafa kadhaa, lakini akaumia mgongo alipotua. Ikasemwa kwamba aliangalia mabawa akausahau mkia, ambao ndege huutumia anaposhuka. Tazama, mwanachuoni mkubwa kama yule, na kilichomwangusha ni kiungo kimoja tu ambacho hakukifikiria.

Kwa watu wa Embakasi jambo hili lina uchungu wake. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines, safari ET302, iliondoka Addis Ababa ikija Nairobi. Jamaa walikuwa wakingoja katika uwanja wa Jomo Kenyatta, mwendo mfupi tu kutoka Kware. Dakika sita baada ya kuruka ikaanguka, na watu wote 157 wakafariki, wakiwemo Wakenya zaidi ya 30. Kifaa kimoja kinachopima pembe ya ndege kilitoa habari ya uongo. Mtambo wa kompyuta ukaiamini, ukaisukuma pua ya ndege chini mara kwa mara. Marubani waliuzima mtambo kama walivyoelekezwa, wakajaribu kuzungusha gurudumu la mkono, lakini mwendo ulikuwa mkali na gurudumu halikuwatii. Miezi miwili baadaye kampuni ya Boeing ilikiri kuwa programu ya simuleta za ndege za aina ile haikuwa ikiiga sawasawa baadhi ya hali za namna hiyo. Hatimaye, mwaka 2020, mamlaka za Marekani ziliamuru kila rubani wa ndege hizo apitie mafunzo ya simuleta kabla ya kurudi angani.

Kwa hiyo mama yetu asidhani kuwa kuhangaika na swichi ni upuuzi. Kuna watu ambao huenda wangekuwa hai leo lau hitilafu ile ingeigwa barabara na kufanyiwa mazoezi ardhini.

Hata hivyo, upande wa pili lazima tuuseme bila kuficha. Ndege ya kivita imeundwa kwa ajili ya vita, wala haikuundwa kubeba mahujaji. Asubuhi ya 1 Agosti 1982, askari wa Jeshi la Anga walipojaribu kupindua serikali, kambi ya Eastleigh, iliyo huku huku Eastlands, ilikuwa kitovu cha fitna. Inasimuliwa kuwa marubani wa F-5 huko Nanyuki walilazimishwa kwa mtutu kuja kuupiga mji wa Nairobi, nao wakazimwaga bomu zao katika msitu wa Mlima Kenya. Fikirini, ndugu zetu: mikono iliyojua kila swichi ya ndege ile ilikuwa pia na moyo uliojua kilichoko chini. Aidha, tangu Oktoba 2011 majeshi ya Kenya yalipoingia Somalia, ndege za kivita zimepiga katika ardhi ya majirani zetu, na wengi wetu tuna jamaa upande ule wa mpaka. Kwenye skrini nyumba hupasuka na mchezo huanza upya. Duniani nyumba haianzi upya, wala mwenye nyumba.

Hapa ndipo ilipo kazi ya mzazi. Elimu ya chumba cha rubani kijana ataipata kwenye kompyuta. Huruma kwa aliyeko chini ataipata kwetu au ataikosa kabisa.

Sasa tuje kwenye hitilafu zinazomkesha kijana, kwani tiba yake ni nyepesi, na adabu iliyomo humo ni kubwa. Tumewauliza vijana wanaoijua kazi hii, nao wametueleza haya. Kwanza, agusaye mambo matano kwa pamoja hatajua lipi lililotengeneza wala lipi lililoharibu. Abadilishe moja, ajaribu, aandike kwenye daftari. Pili, aanze na vya nje: je, kebo ya usukani imekaza? Je, umeme ulikatika usiku, na mashine ikazimika ghafla faili zikaharibika? Mitaa mingi ya Eastlands umeme hupepesa, na kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme huokoa mengi. Tatu, atazame kama vifaa viwili vimepewa kazi moja. Mara nyingi programu huupa usukani na mkono wa nguvu amri ile ile, vikavutana, na ndege ikawa haisikii. Nne, katika ndege kama F-5E, kusogeza mkono wa nguvu mezani hakutoshi. Kufungua mafuta kuna kitufe chake pekee, na wanaoanza wengi hukisahau. Tano, akishindwa kwa nusu saa, afunge alale. Akili iliyochoka haioni swichi iliyo mbele ya macho.

Twaona kuwa mtoto anayejifunza hivi anajifunza pia namna ya kutazama matatizo ya nyumba. Cherehani ikigoma, jiko likitoa moshi, hesabu ya duka isipolingana, njia ni ile ile: moja baada ya moja, bila hasira na bila kumsingizia mtu.

Kuhusu manufaa, tuseme kweli. Saa anazorusha nyumbani hazihesabiwi katika leseni ya urubani. Mamlaka hukubali vifaa vilivyoidhinishwa tu. Lakini mlango uko karibu. Chuo cha East African School of Aviation, kilicho chini ya mamlaka ya usafiri wa anga, kiko hapo hapo Embakasi, nacho hufundisha waongozaji wa ndege na mafundi wa kuzitengeneza. Njia ya huko ni hisabati, fizikia na Kiingereza. Kijana anayependa swichi asipopenda hisabati, amependa kivuli akaliacha umbo.

Jawabu letu kwa mama wa Kware ni hili. Hatuoni sababu ya kuiharamisha mashine, wala hatushauri iuzwe kabla ya kijana kuitwa na kuzungumzwa naye kama mtu mzima. Ikiwa karo haina njia nyingine kabisa, karo itangulie, na yeye mwenyewe ashirikishwe katika uamuzi huo; kitu kilichouzwa kwa siri huuza na imani. Ikiwa kuna njia, basi iwekwe kwa masharti. Mashine ikae sebuleni, isikae chumbani. Adhana ikilia, ndege itue. Baada ya Isha ni masomo na usingizi, ili Alfajiri isipotee. Mchezo uwe wa Jumamosi na Jumapili. Asinunue ndege za ziada mtandaoni bila idhini, kwani programu hutolewa bure lakini ndege moja huuzwa kwa makumi ya dola. Mazungumzo na wageni mtandaoni yawe wazi masikioni mwa wakubwa. Na achague safari zisizo na bomu: kuwasha, kuruka, kutafuta njia, na kutua salama. Kutua ndiko kugumu zaidi, na huko hakuna anayeuawa.

Kisha, mama, keti ubavuni pake jioni moja na umwambie, "Mwanangu, nisomeshe." Muulize hii ni saa ya nini, na ile taa yaashiria nini. Akikufahamisha vizuri, utajua kuwa ameelewa. Na akishafungua moyo wake kwa hilo, muulize na la pili: "Huko chini unakopita, wanaishi akina nani?"

Mwenyezi Mungu awalinde watoto wetu wa Kware na wa pwani, awape elimu yenye manufaa na nyoyo zenye huruma. Wabillahi tawfiq.