Ndege za Shule Zilizopelekwa Vitani kutoka Thika

Kwa mkazi wa Mwihoko, anayekaa baina ya uwanja wa ndege wa jeshi wa Eastleigh upande wa kusini na mji wa Thika upande wa kaskazini, tarehe ya viwanja walikofundishwa marubani wa vita si habari ya nchi za mbali. Mwaka 1939 Roald Dahl, mwandishi mashuhuri wa baadaye, ambaye wakati huo alikuwa mtumishi wa kampuni ya Shell huko Dar es Salaam, alifika Nairobi kujifunza kurusha Tiger Moth pamoja na vijana wengine 16, na katika hao waliosalimika na vita walikuwa 3 tu. Mwaka 1941 chuo cha marubani kilihamishwa kutoka Misri hadi Nakuru, na mwaka uliofuata kingine kikaja Nanyuki.

Hayo aghalabu husimuliwa kwa fahari, wala simlaumu msimulizi, maana vijana wale walikuwa na ushujaa wao. Ninalolikataa ni kuifunga hadithi mwaka 1945, ilhali mwezi wa Machi 1953, miezi michache baada ya serikali ya kikoloni kutangaza Hali ya Hatari dhidi ya Mau Mau, zililetwa Thika kutoka Rhodesia ya Kusini ndege aina ya Harvard, zenye viti viwili, kimoja cha mwanafunzi na kimoja cha mwalimu wake, ambazo kazi yake ya asili ilikuwa kufundishia. Zikafungwa bunduki ya rashasha na mabomu madogo ya ratili 20, zikatumwa kuushambulia msitu wa Nyandarua, kisha zikahamia Mweiga, karibu na Nyeri, ili safari iwe fupi. Watasema baadhi ya watu kwamba mabomu yale yalikuwa hafifu, na kwamba yale mazito yalikuja baadaye na ndege za Lincoln kutoka Eastleigh. Nami nauliza, uhafifu huo ulipimwa na nani, aliyekuwa juu au aliyejilaza chini ya mianzi?

Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Hali ya Hatari, na mwaka 2015 ukazinduliwa mnara wa kuwakumbuka katika bustani ya Uhuru. Ni insafu iliyochelewa, lakini madai yale yalihusu mateso ya kizuizini, si yaliyowafika watu kutoka angani. Kambi ya jeshi la Uingereza ya Templer pale Kahawa, jirani yetu, iligeuzwa Chuo cha Kenyatta mwaka 1965, na tarehe hiyo hutajwa kila chuo kinapojieleza. Kwa nini basi Machi 1953 ya Thika isitajwe pamoja na Nakuru ya 1941, katika vitabu vya shule na katika kibao ambacho serikali ya kaunti ya Kiambu ingeweza kukisimamisha bila gharama kubwa? Aliyekuwa na miaka 10 wakati ule sasa amekwisha kupita 80, na huyo ndiye wa kuulizwa kwanza, kabla ya kufunguliwa jalada lolote huko London.