Wiketi 800 hazifungi mjadala

Ndugu mwandishi ametangaza kwamba mjadala wa mrushaji bora wa mechi za Test za kriketi umekwisha: Muralitharan ana wiketi 800, tunyamaze. Hapa Ndera, Rwanda, hatunyamazi. Kati ya hizo, 176 alizivuna kwa timu zilizokuwa changa, Zimbabwe na Bangladesh. Malcolm Marshall aliishia 376, lakini kila moja ilimgharimu mikimbio 20.94, Muralitharan alilipa 22.72. Mimi namchukua Marshall, tena bila kupepesa macho.

Kilichoniudhi zaidi ni kile kijembe chake kwamba sisi wa Afrika Mashariki, kwa kuwa hatuchezi Test, tukae pembeni. Aasif Karim wa Kenya hakucheza Test hata moja. Mwaka 2003, mjini Durban, akiwa na miaka 39, aliwarushia Waaustralia, mabingwa wa dunia, ova 8.2. Alitoa mikimbio 7 tu, akachukua wiketi 3, ya Ponting ikiwamo. Na Henriette Ishimwe wetu, Januari 2023 kwenye Kombe la Dunia la wasichana, aliwang'oa Wazimbabwe wanne kwa mipira minne mfululizo. (Ndiyo, Zimbabwe tena, ila safari hii wachanga tulikuwa sisi.)