Mjusi Darasani, na Barua Tuliyoitia Sahihi



Twaomba nafasi katika ukurasa huu ili tuseme neno juu ya barua ambayo wengi wetu tuliitia sahihi mwezi uliopita, na ambayo hata leo haijapelekwa. Barua yenyewe yamhusu mwalimu mmoja wa Darasa la Tatu, katika shule isiyo mbali na Soko la Kariakoo. Shule hatuitaji wala mwalimu hatumtaji, kwa kuwa haja yetu si kumtangaza mtu. Shtaka lililoandikwa ni hili: kwamba saa za masomo amewageuza watoto wetu kuwa mijusi. Sisi tunaoandika maneno haya tulikuwa miongoni mwa wa kwanza kutia sahihi. Leo twataka kueleza kwa nini tumeomba jina letu lifutwe, na kwa nini twawasihi wenzetu wafanye vivyo hivyo.

Kwanza tuseme kweli juu ya sababu iliyotufanya tukasirike. Mtoto wetu alirudi nyumbani jioni moja, kipande cha kanga kuukuu kikimning'inia nyuma kiunoni. Tulipomwuliza amejifunza nini siku hiyo, alijibu kwa furaha, "Baba, leo nilikuwa mjusi, na paka amenikata mkia." Sisi tuliosomea shule ya misheni tulizoea mambo mengine. Tulikaa wima, tukamsikiliza mwalimu, tukakariri, na asiyeweza kukariri alijua malipo yake. Kwa njia hiyo tulipata kazi ya ukarani, na kwa kazi hiyo tunalipa ada na kununua sare na madaftari. Basi tulipoona kanga ile, tulikumbuka methali ya wazee kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Tukashika kalamu.

Walakini kabla barua haijapelekwa, mmoja wa wanachama alituuliza kama tumekwenda kuliona somo lenyewe kwa macho yetu. Hatukuwa tumekwenda. Karani anayeandika ripoti ya jambo asilolikagua twajua sote anaitwaje ofisini. Basi tuliomba ruhusa ya nusu siku, tukaenda, tukaketi nyuma ya darasa.

Tuliyoyaona ni haya. Juma zima kabla ya mchezo, mwalimu alikuwa amewapa watoto kazi ya usiku. Kila mmoja amtazame mjusi kafiri nyumbani kwao, karibu na taa, asimguse wala asimpige, kisha aandike mistari mitano: alikaa wapi, alikula nini, alifanya nini mtu alipopita, alifanya nini mjusi mwenzake alipokuja, na alirudi wapi. Asubuhi ile watoto walisoma waliyoyaandika. Ndipo madawati yakasogezwa ukutani. Mtoto mmoja alisimama katikati akawa taa. Sita wakawa mbu na nondo, wakazunguka taa. Watatu wakawa mijusi, kila mmoja na kipande cha nguo kiunoni kuwa mkia. Mmoja akawa paka. Waliobaki, nao walikuwa wengi kama ilivyo katika shule zetu za mjini, hawakukaa bure. Kazi yao ilikuwa kuwa mahakimu, na daftari mkononi.

Mchezo ulipoanza, mjusi wa kwanza aliwakimbilia nondo huku na huku kama mtoto anayefukuza kuku. Mara mahakimu wakapaza sauti kwamba sivyo. Mwalimu hakusema nani ana haki. Aliuliza tu, "Mjusi wa kwenu alifanya hivyo?" Mtoto akafikiri, akasema kwamba wa kwao alikaa kimya muda mrefu, ndipo akaruka ghafula. Msichana mmoja akasema wa kwao alinyemelea polepole kwanza. Hawakukubaliana. Basi mwalimu akaandika ubaoni swali lao, akawaambia wakamtazame tena usiku ule, kisha warudi na jibu.

Mabwana, hapo ndipo tulipoanza kuona aibu. Katika miaka yetu yote ya shule hatukumbuki siku moja ambayo ubishi wa wanafunzi ulipelekwa kuamuliwa na kitu chenyewe kinachosomwa. Uliamuliwa na kitabu, au na fimbo. Hapa mjusi mwenyewe alifanywa kuwa shahidi, na watoto wakatumwa kwenda kumhoji.

Kisha paka akaingia. Alimrukia mjusi mmoja, akashika nguo, nguo ikachomoka, mjusi akapona. Darasa lilicheka, nasi tulicheka. Lakini mwalimu alimzuia yule mjusi asirudi mchezoni, akamwambia akae nje raundi mbili. Mtoto akalalamika kwamba ameponea, kwa nini aadhibiwe? Ndipo mwalimu akaeleza kwamba mkia wa mjusi ni akiba yake, maana mafuta ya mwili wake huwekwa humo. Auachapo humwachia adui sehemu ya chakula chake, na kuuotesha mwingine ni gharama. Tena mkia mpya haufanani kabisa na wa kwanza, kwa kuwa ndani yake hamna mfupa wa pingili kama ule wa asili, bali gegedu tu. Mtoto akakaa nje, akawatazama wenzake wakila nondo ilhali yeye hana lake. Twaamini hatasahau jambo hilo mpaka uzeeni. Sisi tulilisoma katika kitabu, tukalisahau baada ya mtihani.

Sehemu ya pili ilikuwa ya mijusi wa mchana, wale wakubwa wanaoota jua kutani na mitini, ambao dume lao huwa na kichwa chenye rangi kali. Wataalamu huwaita Agama. Watoto wawili walifungwa vitambaa vya buluu kichwani, wakasimama kwa mikono na miguu, mmoja akatikisa kichwa juu na chini. Maana yake si salamu, wala si kuitikia maneno ya mpita njia. Ni onyo, yaani, mahali hapa pana mwenyewe. Mwenzake akitikisa pia, basi ugomvi upo. Akiinama na kurudi nyuma, yamekwisha, na kitambaa huvuliwa, kwa sababu dume aliyeshindwa hufifia rangi. Watoto walitambua wao wenyewe kwamba mashindano mengi yaliisha bila mtu kuumwa. Sisi tulikumbuka ofisi zetu, ambamo mkuu wa makarani akikohoa mara moja, kila mtu hurudi kwenye meza yake.

Lipo jambo moja ambalo mwalimu hakulifanyia mchezo, nalo ni la nyayo za mjusi kafiri. Aristotle wa Uyunani, yapata miaka 2,300 iliyopita, alikwisha kuandika kwamba mjusi huyu aweza kukimbia mtini hata kichwa kikiwa chini. Walakini sababu yake haikupimwa vema mpaka juzi tu. Mwaka 2000 na mwaka 2002 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba mijusi wa jamii hii hawashiki kwa gundi wala kwa kunyonya, bali kwa vinywele vidogo mno vya nyayo, ambavyo hukaribiana na ukuta hata vitu viwili vikavutana. Jambo hili mtoto hawezi kuliiga, kwa hiyo mwalimu alilieleza kwa mdomo na kwa picha ubaoni. Twalitaja ili wenzetu wajue kwamba mwalimu huyu hakuacha kufundisha. Anajua lipi ni la mchezo na lipi si la mchezo.

Sasa tuzijibu hoja zilizomo katika barua.

Hoja ya kwanza yasema kwamba mtindo huu ni mambo ya kigeni. Twauliza, tangu lini? Wazaramo, wenyeji wa pwani yetu hii, walifundisha vijana wao katika jando na unyago kwa ngoma, kwa nyimbo na kwa kuiga. Wasukuma wana ngoma za kulima zinazochezwa kwa majembe, na wanayo ngoma ya nyoka, ambayo wachezaji wake hujifunza tabia za nyoka na dawa za sumu yake. Wazee wetu hawakuwa na ubao wala chaki, lakini walijua kwamba kilichopita mwilini hukaa. Kilicho kigeni kwetu ni lile dawati tulilofungiwa sisi, tukadhani ndiyo elimu yenyewe.

Hoja ya pili ni ya mtihani. Hii ni nzito, wala hatuipuuzi, maana mtoto wa karani hana shamba la kurithi. Lakini tazameni kazi iliyofanyika: watoto waliandika mistari mitano kila usiku, wakaisoma mbele ya wenzao, wakahesabu raundi, wakatetea neno lao kwa ushahidi. Hiyo ni kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwalimu Nyerere katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967 alilaumu elimu inayomfanya mtoto adhani maarifa yote yamo vitabuni. Na mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 yataka mtoto aonyeshe anachoweza kutenda, si anachoweza kukariri tu. Mwalimu tunayetaka kumshtaki anatimiza agizo.

Hoja ya tatu ni ya dini. Wako wazee waliokumbusha habari ya mjusi kuupuliza moto wa Nabii Ibrahimu, wakasema haifai watoto wamwige. Neno hili si la kuamuliwa na karani ukurasani, nasi twaliheshimu. Tulimwuliza mwalimu, akasema kwamba hakumsifu mjusi wala hakumlaumu; alifundisha anavyoishi. Kila mzazi anayo haki ya kufundisha dini nyumbani kwake. Kujua mjusi anakula nini hakumpunguzii mtu imani.

Hoja ya nne ni ya uchafu, nayo ina kweli ndani yake, kwa kuwa mavi ya mijusi yaweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuupenda mchezo huu. Hakuna mjusi aliyeletwa darasani ndani ya kopo, wala aliyefungwa uzi shingoni. Watoto walimtazama kwa mbali, wakatumia miili yao wenyewe. Tena hawakutumia hata senti moja, ila vipande vya kanga.

Twapenda kuongeza jambo linalohusu mji wetu hasa. Sote tumeona jinsi nyumba za Kiswahili zenye uwani na mti zinavyozidi kutoweka Kariakoo na maghorofa kusimama mahali pake. Mtoto anayekulia orofa ya tano katika Mtaa wa Msimbazi hana mwembe wa kuangalia wala uwa wa kuchezea. Wanyama anaowajua vema ni wale wa katika simu. Mjusi kafiri, mdogo kama alivyo, ni mmoja wa wanyama wachache wa porini waliokubali kupanda ghorofa pamoja naye. Na twamfanyaje? Tunampiga kwa kandambili, tukimwambia mtoto kwamba ana sumu. Hana sumu, bali hula mbu na nondo na mende wadogo tunaowanunulia dawa. Hali kadhalika kinyonga, ambaye hana dhara lolote kwa mtu, hupigwa mawe kwa sababu ya hofu tuliyoirithi. Mtoto aliyekaa nje raundi mbili kwa sababu ya mkia wake hashiki jiwe kwa wepesi. Juma lililopita wetu alimzuia shangazi yake mkono, akamwambia, "Shikamoo shangazi, tafadhali mwache, huyo ndiye wa taa yetu." Shangazi alishangaa, kandambili ikarudi mguuni.

Hatusemi kwamba kila somo ligeuzwe mchezo. Jedwali la kuzidisha litakaririwa, na mwandiko utafanyiwa mazoezi. Wala hatusemi kila mchezo ni elimu. Mchezo wa kuiga usiotanguliwa na kutazama ni kelele tu, na usiofuatwa na kusahihishwa hufundisha uongo kwa nguvu ileile ambayo ungefundisha kweli. Masharti ni mawili basi: mtoto atazame kwanza, na baada ya kucheza arudi kutazama tena. Mwalimu huyu ameyashika yote mawili. Yatupasa kumwomba awafundishe wenzake, si kumwita mbele ya wakubwa.

Barua bado iko mezani kwa katibu. Tulikuwa na sikio la kenge, tukasema kabla ya kusikia. Kusikia si kuona, na sasa tumeona. Kila aliyetia sahihi na aende darasani nusu saa tu, aketi nyuma, aangalie. Akirudi bado ana hasira, jina lake na libaki, nasi hatutamlaumu. Lakini asiyekwenda, kwa heshima ya kazi yetu ya kalamu, alifute.

Tena usiku wa leo, kabla ya kuzima taa, inueni macho ukutani. Mtoto wenu akiwauliza mjusi yule anangoja nini, msimjibu haraka. Ngojeni naye, muone.