Timu Yetu Inaposhindwa



Juma lililopita nilipita karibu na uwanja wa shule, nikakuta wavulana wawili wameshikana mashati. Mmoja alikuwa mlinda mlango. Wenzake walikuwa wakimpigia kelele kwamba yeye peke yake ndiye aliyewapotezea mchezo. Niliwaamua, nikaenda zangu. Lakini moyo wangu haukutulia, kwa maana jambo lile lilinikumbusha kosa langu mwenyewe. Leo nataka kuwasimulia kosa hilo.

Baadhi yenu mnajua kwamba nilikaa miaka mingi katika mji wa Chicago, huko Marekani, kwanza kwa masomo, baadaye kwa kazi. Nilipanga chumba kwa mzee mmoja aliyefiwa na mkewe. Yeye ndiye aliyenifundisha kuupenda mchezo wa besiboli. Katika mchezo huo mtupaji hurusha mpira mdogo mgumu. Mpigaji, mwenye gongo mkononi, hujaribu kuupiga mbali, kisha hukimbia kuvizunguka vituo mpaka arudi pale alipoanzia, na timu yake hupata alama moja. Kila timu ina zamu tisa za kupiga, na zamu huisha wapigaji watatu wanapotolewa. Hakuna dakika 90 kama katika mpira wa miguu. Mchezo hauishi mpaka mtu wa mwisho atolewe.

Mwanzoni niliuona kuwa mchezo wa wavivu. Mzee akaniambia: «Mwanangu, huu ni mchezo wa kujifunza kushindwa.» Na kweli ndivyo ulivyo. Mpigaji anayefaulu mara tatu katika kumi huhesabiwa kuwa hodari. Basi hodari huyo ameshindwa mara saba. Na katika michezo 162 ya msimu mmoja, hata timu iliyo bora hupoteza sitini hivi.

Lakini timu ya mzee, Chicago Cubs, ilizidi kipimo. Ilitwaa ubingwa mkuu mwaka 1908, isiupate tena. Mwaka 1945 ilifika fainali, ikashindwa, mzee alikuwa mtoto wa miaka tisa, naye baba yake akamfariji kwa neno moja tu: «Mwakani.» Mwaka 1969 iliongoza kwa muda mrefu, kisha ikapitwa. Ernie Banks, mtu mweusi wa kwanza kuichezea timu hiyo, aliingia mwaka 1953 akadumu nayo hadi 1971. Alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yake mara mbili, mwaka 1958 na 1959. Hata hivyo hakucheza fainali kuu hata siku moja. Mzee alimpenda kuliko wote, kwa sababu alishindwa pamoja nao bila kununa.

Sasa sikilizeni kosa langu. Tarehe 14 Oktoba 2003 tulikuwa mbele ya televisheni, nyumba imejaa majirani. Cubs walihitaji ushindi mmoja tu ili wafike fainali kuu. Walikuwa na alama tatu, wapinzani wao kutoka Florida hawana kitu, na walibaki watu watano tu wa kutolewa. Mpira ukapigwa juu, ukaangukia kando, penye ukuta wa watazamaji. Mchezaji wetu aliruka ili audake. Watazamaji kadhaa nao walinyosha mikono, na mkono wa kijana mmoja ukaugusa. Mpira ukapotea. Baada ya hapo Florida walipata alama nane katika zamu ile ile moja.

Uwanja mzima ulimgeukia kijana yule. Walimrushia bia na takataka, mpaka walinzi wakamtoa nje wakimfunika uso. Nami, niliyekuwa nimeketi salama kitini, nilimtukana mtu nisiyemjua, tena kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mzee akapunguza sauti ya televisheni. Akaniuliza: «Mpira ukikujia wewe, ungerudisha mkono?» Sikuwa na jibu. Akaendelea: «Mchezaji wetu mmoja ameshindwa kuudaka mpira wa chini baada ya hapo. Watupaji wetu wametupa vibaya. Kesho kuna mchezo mwingine. Lakini ninyi mnataka mtu mmoja wa kubeba yote, nanyi mmemchagua asiye na rafiki uwanjani.» Kesho yake timu ilicheza tena, ikashindwa tena, wala kijana yule hakuugusa mpira wowote.

Mzee alifariki mwaka 2011. Miaka mitano baadaye, tarehe 2 Novemba 2016, Cubs walicheza mchezo wa saba wa fainali huko Cleveland. Zamu tisa ziliisha alama zikiwa sawa, mvua ikasimamisha mchezo kwa dakika 17, na katika zamu ya kumi wakashinda, alama 8 kwa 7. Miaka 108 ilikuwa imepita! Asubuhi nilikwenda kwenye uwanja wao, Wrigley Field. Watu walikuwa wakiandika kwa chaki juu ya kuta za matofali majina ya baba zao, mama zao na babu zao waliokufa kabla ya kuiona siku ile. Mtu mmoja alinipa kipande cha chaki, nikaandika jina la mzee wangu. Nilimkumbuka pia yule kijana, nikaona haya.

Mwaka 2017 timu ilimpa kijana huyo pete ya ubingwa, kama wanayopewa wachezaji. Ni jambo jema. Lakini miaka 14 ilikuwa imekwisha, naye aliitumia akijificha machoni pa watu.

Enyi vijana wa shule, pendeni timu zenu, shangilieni, hata lieni zinaposhindwa. Wahenga walisema: Asiyekubali kushindwa si mshindani. Neno hilo latuhusu sisi watazamaji pia. Timu ikishinda twasema «tumeshinda». Basi ikishindwa tuseme «tumeshindwa», wala tusiseme «fulani ametupoteza».

Na yule mlinda mlango, kama kuna amjuaye, naomba leo jioni ampitie nyumbani, waende pamoja uwanjani.