Chungu Hakibadili Mmea

Sisi watu wa pwani twajua tangu zamani kulima bila ya shamba. Pita katika nyua za Mji wa Kale, Mombasa, ama za Lamu, utaona mrihani umestawi ndani ya debe la mafuta, na asumini imekaa katika chungu kilichomeguka ukingo. Mwenye nyumba hana hata hatua tatu za ardhi, lakini harufu ya ua wake humfikia mpita njia. Basi kupanda mmea katika chombo si jambo geni kwetu. Kilicho kigeni ni swali linalozungumzwa barazani siku hizi: je, mtu akipanda bangi katika ndoo nyumbani mwake, kosa lake ni sawa na la aliyeipanda shambani?

Swali hili halikuzuka bure. Mwaka 2018 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba mtu mzima aweza kupanda na kutumia bangi faraghani, kwa matumizi yake mwenyewe. Mwaka 2021 chama cha Marasta wa Kenya kilipeleka madai katika Mahakama Kuu, Nairobi, kikitaka waumini wake waruhusiwe kuitumia majumbani kwa ibada. Mwaka 2022 naye George Wajackoyah aligombea urais akiahidi kuifanya bangi kuwa zao la kuuzwa ng'ambo; hakupata hata kura moja katika kila mia, lakini maneno yake yalifika kila kijiji. Habari hizi tatu zimechanganywa pamoja, na debe tupu haliachi kuvuma. Sasa wako vijana wanaoamini kwamba mche mmoja ndani ya chungu hauhesabiwi.

Ili kulipima jambo hili, natutazame Kisii. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kaunti ile ina watu zaidi ya milioni moja na laki mbili, na kila kilomita moja ya mraba ina watu zaidi ya 900. Ardhi ina rutuba na mvua haiadimiki, lakini baba amewagawia wana, na wana wamewagawia wajukuu, hata shamba limekuwa kipande. Katika hali hiyo watu wamejifunza kupanda mboga katika magunia, ndoo kuukuu na magurudumu ya gari. Na katika ufinyu huohuo ndipo bangi nayo inapoweza kutafutiwa chombo: ndoo haichukui nafasi, na yaweza kusogezwa nyuma ya jiko ama kufunikwa na migomba.

Lakini chungu hakibadili mmea. Sheria ya Kenya ya mwaka 1994 kuhusu madawa ya kulevya, katika kifungu chake cha 6, yakataza kupanda bangi. Haikusema shamba liwe kubwa kiasi gani, wala haikusamehe ndoo. Adhabu iliyowekwa ni faini ya shilingi 250,000 ama mara tatu ya thamani ya mmea, ile iliyo kubwa zaidi, au kifungo kisichozidi miaka 20, au vyote viwili.

Kuna na jambo jingine ambalo aghalabu halitajwi. Kifungu hicho hicho chamgusa pia mwenye ardhi, ama anayeikaa au kuisimamia, akiruhusu itumiwe kwa kilimo hicho. Kwa desturi ya Wagusii, kijana asiyeoa hulala katika nyumba yake, esaiga, ndani ya boma la baba yake. Akiweka ndoo yake pale, ameiweka katika ardhi ya mzee. Mama aliyeuona mche ule akanyamaza kwa kumwonea mwanawe huruma, siku askari wakija ataulizwa kama hakuruhusu. Chombo ni cha mmoja, na msiba ni wa nyumba nzima.

Wako watakaosema sheria hii ni kali kupita kiasi, na kwamba wenzetu wamelegeza. Hoja hiyo yastahili kusikilizwa. Lakini tupambanue mambo. Malawi ilipopitisha sheria yake mwaka 2020, iliruhusu kilimo cha dawa na cha viwandani kwa leseni, si ndoo ya uani. Uamuzi wa Afrika Kusini ni wa Afrika Kusini. Na kufungua kesi Nairobi si kubadilisha sheria. Anayetaka sheria ibadilike ana Bunge na ana mahakama. Anayeanza na chungu huanza na pingu. Kwa Mwislamu, hata hivyo, mlango wa serikali si mlango wa pekee. Kilevi ni kilevi, kiwe cha kunywa ama cha kuvuta, na ruhusa ya hakimu haikifanyi halali.

Tusiishie hata hivyo kwenye kukataza, maana kijana asiye na ardhi ana haja ya kweli. Gunia lilelile aweza kulijaza udongo uliochanganywa na samadi, akaacha nguzo ya kokoto katikati ili maji yashuke hadi chini, kisha akatoboa ubavuni na kupandikiza miche pande zote. Chombo chema ni chenye matundu ya kutolea maji na kina cha kutosha mizizi. Hata chungu kizuri cha mawe ya Tabaka, yale mawe ya Kisii tunayoyaona katika maduka ya watalii Mombasa, huozesha mizizi kisipotobolewa, kwa kuwa jiwe lile halinywi maji. Ndani yake na iote mnavu ama mgagani, ule ambao Wagusii huuita chinsaga na kuuthamini sana mezani. Mboga hizo huliwa, huuzwa sokoni, na hazimfanyi mama ashtuke mbwa akibweka usiku.

Haba na haba hujaza kibaba, na gunia moja halimtajirishi mtu. Lakini mrihani wa bibi yetu haukuwahi kufichwa nyuma ya jiko. Uliwekwa mlangoni, kila mtu auone.